Ukishuka, Kumbuka Kuna Kupanda: Mapango, Korongo na Migodi ya Zamani ya Sardinia

Ikikaribia likizo ya kiangazi, maswali ni yale yale. "Tunakwenda Sardinia, ufukwe tumeuchoka, tumesikia kuna mapango. Tuanzie wapi?" "Mtoto wa miaka sita ataweza?" "Ule mgodi uliotobolewa kwenye jabali la bahari unaingiwaje?" "Lazima tumlipe mwongozaji?" Wengi wanaoniuliza wanaishi Ulaya na wana wiki moja ya likizo. Wengine wanatoka Nairobi au Dar es Salaam, wana viza ya Schengen na siku za kuhesabu. Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, sasa naandika mara moja kwa wote.

Sardinia ni kisiwa cha Italia, cha pili kwa ukubwa katika Mediterania baada ya Sisilia. Mashariki yake ni milima ya mawe ya chokaa iliyotobolewa na maji. Kusini magharibi yake imetobolewa na binadamu, waliotafuta risasi, zinki, fedha na makaa ya mawe. Kote huko kuingia ni rahisi. Kazi iko kwenye kutoka, na karibu kila mkasa niliousikia au kuuona ulianzia hapo: mtu alipiga hesabu ya kushuka, ya kupanda akaisahau.

Chagua upande mmoja wa kisiwa

Ramani inadanganya. Unaona kilomita 100 unadhani ni saa moja, kumbe barabara inajipinda milimani na saa mbili zinapita ukiwa bado njiani. Mwenye wiki moja achague upande mmoja, au pande mbili zikizidi sana.

- Kusini magharibi, kati ya Iglesias, Carbonia na Buggerru: migodi, pamoja na mapango ya Su Mannau, Is Zuddas na San Giovanni. Shukia uwanja wa ndege wa Cagliari.
- Mashariki, kati ya Dorgali, Cala Gonone na Urzulei: korongo la Gorropu, pango la Ispinigoli, na Bue Marino linalofikiwa kwa boti. Shukia Olbia.
- Kaskazini magharibi, mji wa Alghero: pango la Nettuno. Alghero ina uwanja wake wa ndege.

Ukiniuliza mimi, mgeni wa mara ya kwanza aende kusini magharibi. Gorropu ni zuri kuliko vyote, lakini linamtaka mtu mwenye miguu. Kusini magharibi, bibi na mjukuu wote watapata cha kuona siku hiyo hiyo.

Mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Mara yangu ya kwanza kwenda kuona mgodi nilifika mlangoni saa tano asubuhi, jua kali, bila kuweka nafasi. Kundi lilikuwa limeshaingia na mwongozaji, kundi la mchana lilikuwa limejaa. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta, nikala chungwa, nikarudi nilikotoka. Usifanye hivyo.

1. Weka nafasi mapema kwa kila mgodi. Migodi huingiwa kwa makundi, kwa saa maalumu, na makundi ya lugha nyingine zaidi ya Kiitaliano ni machache. Uliza lugha kabla ya kulipa.
2. Hakikisha siku na saa za kufungua wiki ile ile ya safari. Kuanzia Novemba hadi Machi sehemu nyingi hupunguza saa, na nyingine hufungua kwa miadi tu.
3. Ukiweza, epuka wiki ya tarehe 15 Agosti. Ni sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima iko likizo. Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, kisha Septemba na Oktoba.
4. Kama utakodi gari, soma masharti ya kadi. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe ili kuzuia amana. Kadi ya mke haimsaidii mume aliyeshika usukani, na kadi ya benki ya kawaida mara nyingi hukataliwa. Nimeona familia nzima imekwama kaunta kwa jambo hili.
5. Leseni ya Kenya, Uganda au Tanzania iambatane na kibali cha kimataifa cha kuendesha, nacho hutolewa kwenu, si Italia. Na kule gari hupita kulia, kwa hiyo siku ya kwanza usianze na barabara za milimani.

Huna gari? Treni inatoka Cagliari hadi Iglesias na hadi Carbonia. Tatizo ni kutoka stesheni kwenda vijijini: mabasi ni machache, na siku ya Jumapili ni machache zaidi.

Mapango: yana mlinzi, yana tiketi, yana baridi

Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni kule Tanga ana picha ya mawe ya chokaa na giza lake. Haya ya Sardinia karibu yote yana taa, njia za saruji na vishikio, lakini lile joto la Tanga alisahau. Pango halijui majira: nje nyuzi 35, ndani karibu nyuzi 16, mchana na usiku, mwaka mzima. Atakayeingia na fulana iliyolowa jasho atatetemeka baada ya dakika kumi. Beba koti jepesi, na la mtoto zaidi.

*Nettuno, Alghero.* Lipo chini ya jabali la Capo Caccia, mdomo wake uko usawa wa bahari, na ndani kuna ziwa tulivu la chumvi. Njia ni mbili: boti kutoka bandarini Alghero, au ngazi iliyochongwa ubavuni mwa jabali, vidato 654. Kushuka unafurahia upepo na picha. Kupanda ni vidato 654 vile vile, jua likiwa mgongoni. Mwenye shida ya magoti, moyo au pumu apande boti, na asione aibu. Jambo la pili: bahari ikichafuka pango hufungwa, hata kwa waliokuja kwa ngazi, kwa sababu mawimbi hufika mlangoni. Piga simu asubuhi ile ile. Upepo wa maestrale ukivuma, badilisha ratiba, usibishane nao.

*Ispinigoli, karibu na Dorgali.* Hapa huna pa kutambaa. Unasimama juu ya ukumbi mmoja mkubwa kama msikiti wa Ijumaa, na katikati kuna nguzo ya jiwe yenye urefu wa mita 38, kutoka sakafuni hadi darini. Imejengwa na matone. Ngazi inashuka ikiizunguka polepole, na kila unapodhani umeiona yote, taa inafunua mkunjo mwingine, mweupe, wenye unyevu, kama nta ya mshumaa iliyoganda. Vidato ni vingi na vina utelezi. Ndilo pango ninalowapendekezea wanaoogopa sehemu finyu, maana halina ufinyu.

*Su Mannau, Fluminimaggiore.* Lina mito ndani, na watu wa kale walikwenda humo kuabudu maji. Mabaki ya taa zao za mafuta yamepatikana. Hekalu la Antas liko jirani, viunganishe siku moja.

*Is Zuddas, Santadi.* Nenda kwa ajili ya maua ya aragoniti, vijiti vyeupe vya madini vinavyoota kuelekea kila upande, hata juu, kana kwamba uzito haviujui. Ziara si ngumu, watoto wanaiweza.

*San Giovanni, Domusnovas.* Ni handaki la asili linalopasua mlima kwa takriban mita 850. Zamani magari yalipita humo, sasa ni kwa miguu. Kwa familia yenye mtoto mdogo ni mwanzo mzuri, kwa sababu akilia mnageuka na kutoka. Beba tochi.

Makosa ninayoyaona mapangoni kila mara:

- Kugusa mawe. Mafuta ya ngozi hubaki kwenye jiwe, maji hayashiki tena, na ukuaji wa maelfu ya miaka unaishia hapo. Mshike mtoto mkono kabla hajaugusa ukuta.
- Viatu vya wazi.
- Kupiga picha palipokatazwa kwa sababu "mwongozaji haangalii". Anaangalia.
- Kubaki nyuma ya kundi. Taa nyingine huzimwa kundi likishapita, na giza la pango si giza la usiku. Mkono wako mwenyewe huuoni.

Gorropu: korongo lisilotaka haraka

Mto Flumineddu umekata mlima wa chokaa wa Supramonte, kati ya Orgosolo na Urzulei, ukaacha kuta zinazofika karibu mita 500, na penye wembamba zaidi pana mita chache tu kati ya ukuta na ukuta. Kiangazi mto wenyewe huuoni, maana unapita chini ya mawe. Unachokiona ni majabali meupe yaliyosuguliwa yakawa laini kama mayai, mengine makubwa kuliko basi, na juu kabisa utepe wa mbingu. Ukinyamaza unasikia maji chini ya miguu yako.

Njia za kufika ni mbili, na uchaguzi huu ndio unaoamua siku yako.

Ya kwanza inaanzia Genna Silana, kwenye barabara ya SS125, mita 1,017 juu ya usawa wa bahari. Unashuka zaidi ya mita 600 kwa saa moja na nusu hadi mbili, na njia nzima ni ya kupendeza. Halafu unarudi hapo hapo, mchana, umechoka, jua la Sardinia likiwa utosini. Hapa ndipo nilipojifunza somo langu. Nilikuwa na lita moja ya maji, nikaimaliza chini korongoni nikiwa nashangaa. Kupanda kulinichukua zaidi ya saa tatu, na robo ya mwisho nilikuwa nahesabu hatua ishirini ishirini na kukaa. Mzee mmoja mchunga mbuzi alinipa maji bila kusema neno.

Ya pili inaanzia daraja la Sa Barva, upande wa Dorgali. Unafuata bonde kwa takriban saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mteremko ni mdogo, vivuli vipo. Kwa familia na kwa mtu asiye na mazoezi, ndiyo hii. Wapo pia waongozaji wa huko wanaokushusha kwa miguu na kukurudisha kwa gari la jipu. Hiyo pesa haipotei.

Mlangoni mwa korongo kuna walinzi na tiketi. Beba pesa taslimu. Watakueleza alama za rangi: kijani ni rahisi, njano inataka mikono pamoja na miguu, nyekundu ni ya wazoefu wenye kamba. Wengi wetu mwisho wetu ni kijani na njano kidogo, na huko ndiko kuta zilikosimama wima zaidi, kwa hiyo hujakosa kitu.

Sheria zangu za korongo lolote:

- Lita tatu za maji kwa mtu mzima. Si mbili.
- Anza kabla ya saa mbili asubuhi.
- Viatu vyenye soli inayoshika, vilivyokwisha kuzoea mguu. Chokaa iliyosuguliwa na maji ni kama sabuni.
- Mtandao wa simu haushiki humo. Mwambie mwenye nyumba ya wageni unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.
- Ua lisichumwe. Kuna aina moja, *Aquilegia nuragica*, inayojulikana kuota katika korongo la Gorropu, na mimea iliyobaki ni michache mno.
- Mvua ikitabiriwa, hata milimani mbali na ulipo, usiingie.

Hili la mwisho naomba ulisome mara mbili. Tarehe 20 Agosti 2018, katika korongo la Raganello kule Calabria, Italia bara, maji yalishuka ghafla na kuua watu 10. Sisi nasi tunalijua: Septemba 2019 korongo la Hell's Gate kule Kenya liliua watu 7 kwa namna ile ile. Mvua hunyesha kwingine, wewe uliko jua linawaka, na kuta hazina pa kupandia. "Lakini tumeshalipia hoteli," ataniambia mtu. Hoteli utailipia tena.

Migodi: ingia penye mlango wenye mtu

Nchi ya Iglesias imejaa mashimo. Unapita njiani unaona jengo limebomoka, kando yake handaki jeusi, limezibwa kwa wavu uliokatwa na mtu. Vijana wanapenda sana picha za humo. Nasema waziwazi: usiingie. Wanaojua maduara ya dhahabu ya Geita hawahitaji maelezo marefu. Nguzo za mbao zimeoza. Sakafu inaweza kuwa mbao tupu juu ya shimo la makumi ya mita. Hewa mbaya haina harufu, na inamwangusha mtu kabla hajaitambua. Anayekwenda kumwokoa anaanguka juu yake.

Wala hatari haiishii ndani. Karibu na Piscinas, chini ya migodi ya Montevecchio na Ingurtosu, utaona kijito chenye rangi ya chungwa iliyoiva. Ni kizuri kwa picha, na maji yake yamebeba metali nzito kutoka migodini. Mtoto asicheze humo, na matope yake yasipande kwenye gari.

Penye mlango halali ni hapa:

*Porto Flavia, Masua.* Mgodi wenyewe uko nyuma yake. Hii ilikuwa bandari ndani ya jabali. Kabla yake, wabebaji walipakia mawe ya madini kwa vikapu kwenye mashua za tanga, yakapelekwa Carloforte, kwenye kisiwa cha San Pietro, yakapakiwa upya kwenye meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mhandisi Cesare Vecelli alichimba mahandaki mawili, moja juu ya jingine, na kati yake maghala makubwa ndani ya mwamba. Madini yalimwagwa kutoka juu, yakatokea chini kwenye mkanda, yakaingia moja kwa moja tumboni mwa meli. Jina ni la binti yake, Flavia. Ukitembea humo upepo wa bahari unakupiga usoni kabla hujauona mwanga. Kisha handaki linakatika, na mbele yako limesimama jabali jeupe la Pan di Zucchero, mita 133, katikati ya maji. Kofia ngumu hutolewa. Njia ni tambarare. Bila kuweka nafasi usisogee.

*Galleria Henry, Buggerru.* Handaki la karibu kilomita moja lililopitisha treni ya mvuke ya madini, lenye madirisha juu ya bahari. Ukiwa hapo uliza habari za tarehe 4 Septemba 1904. Wachimbaji waligoma baada ya mapumziko yao ya mchana kupunguzwa, askari wakawafyatulia risasi, watu wakafa, na mwezi ule ule Italia ikashuhudia mgomo wake wa kwanza wa nchi nzima. Hakuna haja ya kupita mji huu unacheka cheka na simu mkononi.

*Serbariu, Carbonia.* Mgodi wa makaa ya mawe uliofanya kazi kuanzia 1937 hadi 1964, na mji wenyewe ulijengwa kwa ajili yake, ukazinduliwa Desemba 1938. Leo ni makumbusho. Ingia ukumbi wa taa usimame kidogo. Kila mchimbaji alikuwa na kisahani cha chuma chenye namba yake. Akichukua taa, anaacha kisahani. Zamu ikiisha, taa ambayo haikurudi ilimaanisha mtu bado yuko chini.

*Santa Barbara, Iglesias.* Pango ndani ya mgodi. Wachimbaji walilitoboa kwa bahati mwaka 1952, likapewa jina la mtakatifu wao, ambaye mpaka leo sikukuu yake, tarehe 4 Desemba, inaadhimishwa katika miji hii. Nafasi ni chache, omba mapema sana.

Wasiwasi ninaoulizwa zaidi

"Nina hofu ya sehemu zilizofungwa." Anza na Porto Flavia au Ispinigoli. Mwambie mwongozaji kabla ya kuingia, si katikati.

"Mwongozaji ni gharama bure." Mapangoni na migodini yumo ndani ya tiketi. Gorropu unaweza kwenda peke yako kwa njia ya Sa Barva, lakini kama hujawahi kutembea milimani, mlipe.

"Mtoto mchanga?" Kigari cha mtoto hakifai karibu kote. Mbeleko ni bora, lakini uliza kwanza. Baadhi ya migodi ina masharti ya umri.

"Mama ni mjamzito." Mapango yenye vidato vingi ayaache. Serbariu anaweza.

"Ikitokea ajali?" Piga 112. Sema jina la mahali, idadi ya watu na kama kuna majeruhi. Italia ina kikosi maalumu cha uokoaji wa milimani na mapangoni, nacho huitwa kupitia namba hiyo hiyo.

"Tutakula nini?" Kisiwa hiki kinapenda nguruwe, na nyama ya halali ni shida nje ya miji mikubwa. Pwani kuna samaki. Milimani nunua mkate mkavu wa carasau, jibini ya kondoo, matunda na zeituni. Mkate ule hauharibiki begani siku nzima, ndiyo maana wachungaji waliubeba. Kama una masharti kuhusu jibini, uliza kimeng'enya kilichotumika.

Na kama nina siku moja tu?

Ukiwa Cagliari bila gari: treni ya asubuhi hadi Carbonia Serbariu. Mgodi uko jirani na stesheni, unatembea kwa miguu. Saa tatu zinatosha, jioni umerudi.

Ukiwa na gari: weka nafasi Porto Flavia kundi la asubuhi, ondoka Cagliari mapema ili ufike na nusu saa mkononi, kisha mchana pitia Domusnovas mtembee handaki la San Giovanni. Kofia ya mgodini irudishe mwenyewe mezani kabla hujaondoka Masua, maana kundi linalofuata huwa tayari linaisubiri mlangoni.